Wazee Wawili Katika Njia ya Katoro

Siku mtumishi anapokabidhi funguo za ofisi, jamaa zake humwuliza atajenga wapi au atafuga nini. Ni nadra kumsikia mtu akimwuliza atatembea wapi. Desturi yetu yamtaka mstaafu atulie. Akionekana njiani, basi anakwenda msibani, hospitali, au kufuatilia mafao yake. Makala haya yanakusudia kukushawishi wewe uliyefikisha miaka 60, pamoja na mwenzio, kwamba mnaweza kusafiri kwa ajili ya kuiona nchi tu. Ipo njia moja inayowafaa wazee wawili wenye gari dogo, muda mwingi na fedha ya kadiri. Njia hiyo hutoka Dodoma, hupita katika nchi kavu ya kati, nayo hufika Katoro, mkoani Geita.

Wenzetu wa Marekani wamekwisha kuligeuza jambo hili kuwa mila. Mume na mke wakistaafu hununua gari lililo nyumba, lenye kitanda, jiko na choo, wakaikimbia theluji ya kaskazini na kupiga kambi katika jangwa la kusini-magharibi mwa nchi yao. Mji mdogo wa Quartzsite, katika jimbo la Arizona, hufurika wazee wa namna hiyo kila majira ya baridi. Sisi magari hayo hatuna, wala hatuyahitaji. Noah iliyozoea kuwapeleka wajukuu shule inatosha kabisa. Ondoeni kiti cha nyuma, tandikeni godoro jembamba la kujinyoosha mchana, pakieni jiko dogo, dumu la maji, mkeka, dawa za presha na kadi za bima ya afya. Usiku laleni gesti. Msiendeshe gizani hata kidogo, kwani ng'ombe wa Singida na Nzega hawana taa.

Ipo sababu nyingine ya safari hii, ambayo husemwa kwa nadra. Ndoa nyingi za watumishi zimeendeshwa kwa barua na simu: mume mwalimu Nachingwea, mke muuguzi Bukoba, maombi ya uhamisho yakizunguka kutoka meza hadi meza. Wanapostaafu ndipo wanapoanza kukaa nyumba moja mwaka mzima, na kila mmoja anagundua kwamba mwenzake ni mtu mwenye mazoea yake. Kukaa bega kwa bega garini kwa siku tano au sita, mkitazama mbele badala ya kutazamana, hufungua midomo ambayo sebule imeshindwa kuifungua.

Chagueni mwezi wa Juni au Julai. Mvua za kanda ya kati hunyesha kuanzia Novemba au Desemba na kukoma Aprili, hivyo wakati huo njia ni kavu, asubuhi ni baridi, na mavuno yamefika barabarani. Kutoka Dodoma hadi Singida ni kilomita zipatazo 240. Mtapita mibuyu iliyosimama uchi, mabonde ya mpunga ya Bahi, kisha Manyoni, na hatimaye majabali ya Singida yaliyopangana kana kwamba mtu aliyapanga akaitwa kabla ya kumaliza kazi. Mji wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Laleni hapo. Kuku wa Singida ana sifa nchi nzima, na mafuta ya alizeti huuzwa kando ya barabara. Nunueni mtakaporudi, yasije yakamwagika juu ya godoro.

Asubuhi ya pili mtauteremka mlima wa Sekenke, ambao madereva wa malori huuheshimu. Nanyi uheshimuni, mshuke kwa gia nzito. Katika eneo la Sekenke Wajerumani walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909, na mwaka 1916, walipobanwa na vita, walipiga mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya huko huko. Leo sarafu hizo zimo mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Chini ya mlima huanza mbuga ya Wembere, tambarare ambayo macho huchoka kabla ya kuuona mwisho wake. Mtavuka Igunga, mfike Nzega, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990 na umekwisha kufungwa. Hiyo ni migodi miwili, msomaji, nanyi hamjafika hata nusu ya nchi ya madini.

Tinde ni njia panda. Shikeni njia ya Shinyanga.

Hapa ndipo ningependa mpunguze mwendo. Mkoa huu uliwahi kuitwa jangwa la Tanzania, wala halikuwa tusi. Tangu siku za Waingereza misitu ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o. Baadaye pamba ikataka mashamba, mifugo ikaongezeka, na jiko la kuni halikusita. Kufikia miaka ya 1980 vumbi lilikuwa limetawala. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Miche ya miti ilipandwa, lakini kilichofaulu zaidi ni jambo ambalo Wasukuma walikuwa nalo tangu zamani, yaani ngitili. Familia au kijiji hutenga sehemu ya malisho wakati wa mvua, wakaifunga, nyasi zikasimama na visiki vikachipua vyenyewe, na sehemu hiyo hufunguliwa kidogo kidogo wakati wa kiangazi kikali, hasa kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yamefungwa kwa njia hiyo, na mwaka 2002 kazi yake ilikuwa imekwisha kupata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Simamisheni gari mahali penye usalama, mtazame kichaka chochote cha migunga, mkijua kwamba hapo palikuwa patupu. Mkikutana na mchungaji, msalimieni "Mwangaluka" ikiwa ni asubuhi, ikiwa ni jioni, "Mwadila." Wanawake wa njiani watawauzia michembe na matobolwa, viazi vilivyokaushwa juani, ambavyo ni chakula cha safari kisichooza.

Mwadui iko karibu na barabara ya Mwanza. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliigundua almasi hiyo mwaka 1940, na mwaka 1947 jiwe la waridi kutoka mgodini kwake lilipelekwa London kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth. Mgodini hamtaingia bila kibali. Tazameni kwa mbali, mwendelee.

Kabla ya Mwanza, pale Usagara, kateni kushoto. Zamani msafiri wa Geita alifika Kigongo akaegesha gari, akakisubiri kivuko, na mgonjwa akisubiri pamoja naye. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na sasa maji ya ziwa huvukwa kwa dakika chache. Baada ya vumbi la siku tatu, maji hayo huonekana mengi mno. Ng'ambo ni Sengerema, kisha Geita, mji ambao dhahabu yake ilichimbwa wakati wa mkoloni hadi mwaka 1966, ikachimbwa tena na mgodi mkubwa wa kisasa kuanzia mwaka 2000.

Na sasa Katoro. Msitarajie mji wenye bustani na sanamu. Katoro ni barabara ya lami iliyozaa maduka pande zote mbili: bati, mipira ya maji, pampu, makoleo, nguo, simu, gesti juu ya gesti, na bodaboda zisizo na idadi. Ukiendelea kuelekea magharibi utajikuta Buseresere bila kuona mpaka, ingawa umetoka Wilaya ya Geita na kuingia Wilaya ya Chato. Mwaka 2025 Katoro ilipewa jimbo lake la uchaguzi. Katika machimbo ya jirani, kama Rwamgasa na Nyarugusu, wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, mawe hupondwa kwa karasha, na unga wake huoshwa na kukamatwa kwa zebaki. Zebaki ikichomwa hutoa moshi unaodhuru ubongo na figo. Msisogelee moto huo, hata mkikaribishwa kwa heshima.

Nimeitaja Katoro kwa sababu wengi wenu mna mtoto huko. Aliondoka akisema anakwenda kwa miezi mitatu. Atawapokea kwa furaha ya kweli, atawapikia sangara, na siku ya pili atawapeleka kuliona duara. Atasema, "Baba, zimebaki futi chache tu." Huenda ndivyo anavyoamini. Jueni basi jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Anayegharamia duara hulipia chakula cha vijana, magogo ya kuzuia kingo, mafuta ya pampu na baruti. Mwamba ukipatikana, mifuko hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Usipopatikana, kijana hupoteza jasho lake, nawe hupoteza mkupuo wa miaka 30, ambao hautalipwa mara ya pili.

Kwa hiyo ongeeni wawili kabla ya kufika, kati ya Sengerema na Geita, mkubaliane kiasi gani mwaweza kumpa kama zawadi bila kukidai, hata kama ni nauli ya kurudi nyumbani. Mzee asimjibu kijana peke yake kule shimoni, wala mama asimwahidi kwa siri jikoni. Mkupuo wenyewe ubaki benki, mbali na gari. Mwafunga ngitili, hamwuzi ng'ombe. Kijana akikasirika, mpeni siku moja zaidi. Kaeni naye, mwulizeni habari za afya yake na za kikohozi chake.

Mkiondoka, si lazima mrudi mlikopita. Kutoka Katoro nendeni Bwanga, mshuke hadi Runzewe na Ushirombo, mlale Kahama, ambako mchele ni mzuri na soko huchelewa kufungwa. Asubuhi mtapita Isaka, na baada ya hapo ni Tinde. Alizeti inawasubiri Singida.