SIMU NAYO NI AMANA



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.). Wanafunzi wetu wapenzi pamoja na wazazi, leo tunazungumzia simu, na tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Siku moja tulikuwa tukimsubiri fundi wa madawati atupe namba ya kumlipa. Tukiwa pale njiapanda ya Misigiri, inapoanzia barabara ya kwenda Kiomboi, ukaingia ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hatukuuliza. Tukatuma Sh. 85,000, michango ya wazazi. Jioni fundi akapiga: "Ustadh, mbona kimya?" Miguu ikatuisha nguvu.

Fedha hazikurudi. Baada ya swala ya Isha tuliwaeleza wazazi yaliyotokea, kisha tukazilipa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwetu kwa miezi mitatu. Lililotuuma zaidi ni kwamba Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Aya hiyo tulikuwa tukiwasomesha nyinyi!

Tangu hapo tumejiwekea mazoea haya:

Kwanza, hatutumi fedha kwa ujumbe mtupu. Tunampigia mhusika kwa namba tunayoijua, tusikie sauti yake, kisha tunasoma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha.

Pili, namba ya siri haiandikwi nyuma ya simu, wala haiwi mwaka wa kuzaliwa. Wazee wetu wengi humpa mjukuu simu na namba ya siri aende kwa wakala. Mjukuu mwema, mshike babu mkono mwende pamoja, aibonyeze mwenyewe.

Tatu, simu inayoachwa kwenye kibanda cha kuchaji ifungwe kwanza.

Nne, tunapiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu cha NIDA. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ifungwe. Wakati wa kusajili, usiweke kidole mara ya pili kabla hujaelezwa sababu. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, tunaupeleka 15040, namba iliyowekwa na TCRA.

Tano, simu ya mwenzio ni kama nyumba yake, haiingiwi bila ruhusa. Upekuzi umekatazwa katika Suratul Hujuraat hiyohiyo, aya ya 12. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya mtu na siri yake ni vyake.

Ndugu zetu, madawati yale mnayoyakalia leo yamelipiwa mara mbili. Kila mnapokaa, kumbukeni kwamba kuuliza si ujinga.

Allah (s.w.) atuhifadhie mali zetu na heshima zetu. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.