Siku Niliyoshuka kwenye Kirikuu

Ba'mdogo hushika simu yangu mbali na uso, kama fundi anayekagua kitambaa, kwa sababu miwani yake inakaa kabatini tangu aipate. Jumapili hiyo nilikwenda kwake Tandika na bando la kutosha, nikamwekea video ya Star of Indiana, kikosi cha matarumbeta na ngoma cha Marekani, kwenye fainali za mwaka 1993 zilizofanyika Jackson, Mississippi.

Nilimweleza kwanza. Huko vijana hushindana kwenye viwanja vya mpira, wanapiga huku wanatembea, na majaji wanawapa alama hadi za desimali. Fainali za Drum Corps International zilianza mwaka 1972, na washabiki wake wana ugonjwa mmoja ninaoupenda: hawachoki kubishana ni onyesho gani lililokuwa kubwa kuliko yote. Wapo wanaoapa kwa Santa Clara Vanguard wa 1989, wapo wa Phantom Regiment wa 2008 na Spartacus yao. Mimi nipo na wale wa Star of Indiana. Onyesho lao la 1993, Medea, lilishika nafasi ya pili. Cadets of Bergen County waliwapita kwa sehemu moja tu ya kumi ya alama. Wapo watazamaji waliowazomea. Baada ya msimu ule kikosi kikaacha mashindano, na kazi yake ikaja kuota upya jukwaani kwa jina la Blast!, onyesho lililopata tuzo ya Tony mwaka 2001.

Ba'mdogo alitazama hadi mwisho bila kusema neno, kidole gumba kikigonga paja.

"Wanajua kazi," akasema. "Sasa bibi harusi yuko wapi?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Amepiga ngoma kubwa kwenye matarumbeta ya Temeke zaidi ya miaka thelathini, mpaka bega la kulia likagoma. Katika kazi yake hakuna kiti cha jaji. Kuna mlango, na ndani ya mlango kuna mtu anayetakiwa kutoka. Ngoma inaanzia kona ya mtaa, makusudi, ili wanawake walio ndani waisikie ikiwa mbali na waanze kupaniki na mitandio. Inasogea. Ikifika uani inapunguza mwendo, kwa sababu sasa ni zamu ya mashangazi kucheza na kutunza, na noti hazitoki mifukoni kwa haraka. Tarumbeta likikosea watu husamehe. Ngoma kubwa ikisita, hata waliobeba keki husimama.

Haya yote nilipaswa kuyajua, maana ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ngoma hiyo. Sikuyajua. Nilikuja kuyasoma, aibu iliyoje, kwenye kitabu.

Nikiwa Mlimani mwaka wa pili nilikutana na kitabu cha Terence Ranger, mwanahistoria aliyewahi kufundisha hapo hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichotoka mwaka 1975. Ni kitabu kizima kuhusu beni, ngoma iliyopata jina lake kwa Waingereza na bendi zao. Vijana wa mwambao, Lamu na Mombasa, waliona magwaride ya wazungu miaka ya 1890, wakayachukua, wakayageuza yakawa yao. Wakashona sare. Wakajipa vyeo: mfalme, jenerali, daktari. Wakajigawa Marini na Arinoti, na pande hizo mbili zikashindana kwa ngoma, kwa nyimbo za mafumbo na kwa karamu zilizofilisi watu. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Marini wake na Arinoti wake. Kwa ujumla Marini walijiona ndio wastaarabu, wenye kusoma na kuandika, na Arinoti walikuwa na watu wengi wa bara waliokuja mjini kutafuta kibarua. Vita ya 1914 ikaja, na waliobeba bunduki na mizigo wakaibeba na beni, wakarudi nayo vijijini. Ile sanamu ya Askari pale Posta, iliyowekwa 1927, mimi siwezi tena kuipita bila kufikiri kwamba miongoni mwa wanaokumbukwa pale wamo waliokuwa majenerali wa ngoma jioni na wapagazi mchana.

Serikali za kikoloni ziliiogopa. Ilipotokea migomo ya migodi ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1935, vikundi vya mbeni viliingizwa hadi kwenye uchunguzi wa tume. Watu walioruhusiwa kuwa mabawabu na makuli walikuwa wamejifunza kutembea kwa hatua moja, mamia kwa pamoja, bila mzungu wa kuwahesabia. Ningekuwa afisa wa wilaya, na mimi ningekosa usingizi.

Nilipofika kwenye kurasa za sare nilifunga kitabu. Nilikumbuka shati.

Lilikuwa la satini, jekundu, lenye nyuzi za dhahabu mabegani. Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha tatu, nasoma shule moja upande wa Kinondoni, na Jumamosi nilikuwa mpigaji wa ngoma ndogo, ile yenye nyuzi chini inayolia kama mvua juu ya bati. Ba'mdogo alinifundisha uani, juu ya dumu la mafuta, miezi minne kabla sijaruhusiwa kugusa ngoma yenyewe. Shuleni hakuna aliyejua. Shuleni nilikuwa mtu wa Bongo Fleva kama wenzangu, na nilipoulizwa ninakoishi nilisema Kurasini, maana ilisikika vizuri kidogo kuliko Tandika.

Jumamosi hiyo harusi ilikuwa Kinondoni. Tulipanda kirikuu, watu tisa na vyombo, tukapita Barabara ya Kilwa huku tukipiga kidogo kidogo kujitangaza. Foleni ikatukamata Magomeni. Na pale kando ya barabara, wakiwa na miwa mkononi, walisimama watoto watatu wa darasani kwetu. Mmoja wao alikuwa msichana ambaye muhula mzima nilikuwa natafuta sentensi ya kumwambia.

Walikuwa hawajaniona bado. Nilivua shati, nikalikunja, nikaruka upande wa pili wa gari, nikaingia katikati ya daladala. Nilisikia mtu akiniita jina. Sikugeuka hadi Kigogo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba vijiti vyote viwili vya ngoma ndogo vilikuwa bado vimechomekwa kiunoni mwangu.

Jioni nilirudi nyumbani nikiwa nimejiandaa kwa viboko. Niliwakuta wamekaa mkekani wanakula pilau la harusi kwenye mfuko, wanacheka hadi wanakohoa. Ba'mdogo alinisogezea sahani. Hakuuliza kitu. Jumamosi iliyofuata kirikuu kilikuja, kikapakia, kikaondoka, na ngoma ndogo ilikuwa kwa kijana mwingine. Ada aliendelea kuilipa. Sikuwahi kuitwa tena.

Kilichotokea Kinondoni nilikuja kukijua mwaka juzi, kwenye harusi ya ukumbini Sinza, ya DJ na mashine ya moshi. Mama mmoja wa makamo mezani kwetu alikuwa anaudharau muziki. Akasema harusi ni ile ya mdogo wake, ambapo matarumbeta kutoka Temeke yalifika bila vijiti. Mpiga ngoma katoroka, akasema, nani ajuaye, labda mkewe alikuwa anajifungua. Bwana wa ngoma kubwa akaenda jikoni, akawasalimia wapishi kwa heshima zote, akaomba miko miwili. Mpishi mmoja akamwambia miko simpi, nitapiga mwenyewe. Alikuwa mtu mzima, Mzaramo, aliyecheza mdundiko tangu utotoni. Akaivaa ngoma juu ya kanga yenye mafuta. Bwana wa ngoma kubwa akamsikiliza kwanza, akaacha mwendo wake wa gwaride, akamfuata yule mama. Matarumbeta nayo yakafuata. Wapishi wengine wakachukua mifuniko ya masufuria. Bibi harusi alitoka kabla hajamaliza kuvaa viatu. Mtaa ulifungwa, akasema mama yule, mpaka magharibi, na mpunga wa pili uliungua na hakuna aliyejali.

Nilikunywa soda yangu. Sikumwambia mpiga ngoma alikuwa nani.

Kwa hiyo Jumapili ile Tandika, baada ya Star of Indiana, nilimuuliza Ba'mdogo swali la wale washabiki wa Marekani: kwake yeye, ni onyesho gani kubwa kuliko yote? Alifikiri. Akataja Oktoba 1999, siku mwili wa Mwalimu ulipokuwa Uwanja wa Taifa, naye amesimama nje kwenye umati, akisikia bendi ya jeshi bila kuiona. Ngoma kubwa ilipigwa polepole, akasema, mpaka alidhani mpigaji amesahau, halafu ikapigwa tena. Alikwenda nyumbani akajaribu kupiga polepole namna ile, akashindwa.

"Hiyo ni ya pili," akasema.

Nikangoja. Nje muuza kahawa alikuwa anapita anagonga vikombe.

"Ya kwanza unaijua," akasema. "Vijiti vyangu viko wapi?"

"Vipo, Ba'mdogo. Kwenye begi la vyeti."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Akainua simu, akainyoosha mbali na uso.

"Nirudishie wale watoto," akasema. "Pale wanapopiga polepole."