Natoza Fedha kwa Kazi Niliyofundishwa Bure



Labda nyumbani kwako, juu ya kiti cha wageni, pametandikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Nakuomba ukitazame kidogo kabla hujaendelea kusoma. Tafuta pale fundi alipoanzia, katikati kabisa, penye vitanzi vichache vilivyofungwa kama pete. Hapo ndipo nilipofundishwa kuanzia na Sista mmoja wa misheni mwaka 1979, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Hakunitoza hata senti moja. Alinipa sindano, ile yenye ndoano nchani, akanipa na uzi uliobaki baada ya kufuma kitambaa cha altare, akaniambia nisirudi mpaka nifikishe mnyororo wa vitanzi mia.

Leo mimi natoza fedha. Natoza shilingi 15,000 kwa saa moja, kwa kufundisha kazi ile ile niliyopewa bure. Tena baadhi ya wanafunzi wangu sijapata kushikana nao mikono, maana nawafundisha kwa simu, mmoja mmoja, yeye kwake na mimi kwangu huku katika vilima vya Mbinga. Jambo hili limenilisha mara nyingi, na mara moja limenitia aibu kubwa. Nataka nikusimulie yote mawili.

Mwanzo wake ulikuwa mwaka 2020. Shule na vyuo vilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya Korona, na binti yangu aliyekuwa akisoma Dar es Salaam alikaa bure chumbani kwa dada yake. Akanipigia simu ya kuonana nyuso, akasema, "Mama, nionyeshe kufuma, nitapata wazimu humu ndani." Nikamwonyesha. Rafiki yake akasikia, naye akataka. Mwaka uliofuata akatokea muuguzi mmoja, Mtanzania mwenzetu, anayefanya kazi Ujerumani, mke wa ndugu ya yule rafiki. Hao wote niliwafundisha bure, na moyo wangu ulifurahi.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Rafiki wa binti yangu aliomba saa 10 jioni. Saa 10 ikafika, hayupo. Kesho yake akaniambia, "Nilipitiwa na usingizi, mama, tufanye leo." Kumbe mimi jana yake nilikuwa nimeacha kuchuma kahawa, nimenunua kifurushi cha intaneti, nimepanda mpaka juu ya shamba ambako simu inashika vizuri, nimekaa juu ya jiwe na uzi wangu mapajani kama mtu anayengoja basi lisilokuja. Mambo hayo yakarudiwa mara tatu. Sikumkasirikia sana, maana hakujua. Kitu asichokilipia mtu hawezi kukijua uzito wake, mpaka aambiwe.

Mume wangu ndiye aliyeleta daftari. Alikuwa karani wa chama cha ushirika zamani, na kwake mali bila daftari hupotea bila habari. Akaniambia niandike mwezi mzima: vifurushi, uzi wa mifano, saa za kufundisha, na saa za kujiandaa. Nilishangaa kuona kwamba somo la saa moja lilinila saa mbili na nusu. Kuna kufuma mfano mapema kwa uzi mnene wa rangi nyeupe (uzi mweusi hauonekani katika simu, usijaribu), kuna kupanda mlima na kushuka, kuna kutazama picha anazotuma mwanafunzi baadaye akiuliza, "Hapa nimekosea wapi?"

Basi mwaka 2022 nikaanza kutoza shilingi 3,000. Hesabu ya mwezi wa kwanza ilionyesha kwamba, nikitoa kifurushi na uzi, nilibakiwa na fedha ndogo kuliko anayopata kibarua wa kuchuma kahawa. Nikapandisha kidogo kidogo, kwa woga, mpaka 15,000, na anayetaka masomo manne huyalipia pamoja, yaani 60,000, kabla hatujaanza. Akiwa na dharura anijulishe siku moja mbele. Asipofanya hivyo somo limehesabiwa. Mtandao ukikatika upande wangu, dakika zilizopotea namlipa siku nyingine. Tangu nilipoweka masharti haya hakuna aliyepitiwa na usingizi.

Utaniuliza: Je, watu hao ni wajinga? Siku hizi mafundisho ya kufuma yamejaa tele katika YouTube, hayalipiwi, na wanaofundisha humo wengine ni mafundi kuliko wewe. Hilo ni kweli. Mimi mwenyewe nimejifunza humo maua ambayo Sista hakunionyesha. Lakini picha zile zinaonyeshwa tu, hazikuoni wewe. Chukua kosa la kila mwanzaji: anaanza safu yenye vitanzi 20, anafuma jioni nzima, na kitambaa kilichotakiwa kuwa mraba kinakwenda kikichongoka kama paa la nyumba. Anahesabu, vimebaki 14. Ataangalia picha zile mara kumi asijue vimepotelea wapi. Mimi nikitazama mikono yake dakika mbili naona: kila akigeuza kazi, anaruka kitanzi cha mwisho, kwa kuwa kimelala ubavu na kinafanana na ukingo. Namwambia aweke kipande cha uzi mwekundu pale, na yamekwisha.

Na yule muuguzi wa Ujerumani anatumia mkono wa kushoto. Karibu mafundisho yote aliyoyapata yalikuwa ya watu wa kulia, akachoka, akadhani hana kipaji. Nami nilihangaika wiki mbili, mpaka nikakumbuka mwenzetu mmoja wa darasa la Sista aliyekuwa hivyo hivyo. Sista alikuwa akituketisha sisi wengine ubavuni pake, lakini yule alimketisha mbele yake, uso kwa uso, amwige kama anavyojitazama katika kioo. Basi kwa muuguzi naisimamisha simu mbele yangu, inielekee. Kwa wanafunzi wengine nafanya kinyume: naweka kigoda juu ya meza, simu nailaza juu ya kigoda, jicho lake likichungulia ukingoni kutoka juu, waone mikono yangu kama mimi mwenyewe ninavyoiona. Gharama ya mtambo wangu huo ni kigoda na mawe mawili ya kuzuia simu isianguke.

Yako na mambo ya kuchekesha. Mwaka wa kwanza, mwishoni mwa Oktoba, nilikaa tayari saa nzima, muuguzi hatokei. Nikajisemea, naye ameanza. Kumbe kule Ulaya walikuwa wamerudisha saa zao nyuma! Wakati wao wa joto tunawatangulia saa moja, wakati wa baridi saa mbili. Sasa mume wangu ameandika ukutani kwa chaki: Jumapili ya mwisho ya Machi, Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Jambo jingine halikuwa la kuchekesha. Niliwahi kumtumia muuguzi maelezo ya shali moja niliyotumiwa na mtu, nikidhani ni mali ya wote. Akanijibu kwa upole, "Mama, haya yanauzwa na mwanamke aliyeyatunga, jina lake liko chini." Nilikuwa natoza fedha kwa jasho la mtu mwingine. Niliyafuta, na tangu siku ile nafundisha mitindo ya zamani isiyo na mwenyewe, au ile niliyoitunga mimi. Katika kuyasoma maelezo ya kigeni nikajifunza pia kwamba Waingereza na Wamarekani wanatumia jina lile lile kwa vitanzi viwili tofauti. Kile ambacho Mwingereza anakiita cha maradufu, Mmarekani anakiita cha mmoja. Vitambaa vingi vimeharibika kwa ajili hiyo, na waliovifuma hawakuwa na kosa.

Sasa nije kwenye neno lililonikosesha usingizi. Dada mmoja wa jumuiya yetu aliniambia waziwazi, baada ya sala, kwamba Bwana aliwaagiza mitume watoe bure walichopokea bure, nami nauza kipaji. Nilikwenda nyumbani nikafungua Injili ya Mathayo, sura ya 10. Agizo hilo lipo kweli, aya ya 8. Lakini aya mbili mbele yake, Bwana yule yule anasema mtenda kazi anastahili chakula chake. Nilisoma yote mawili mara nyingi, na nilijua kwamba nikitaka kujitetea nitachagua moja, na yule dada akitaka kunishinda atachagua nyingine. Mtume Paulo, kama tusomavyo katika Matendo, alihubiri Korintho huku akishona mahema, asimlemee mtu. Habari Njema hakuiuza, lakini sijaona mahali palipoandikwa kwamba mahema aliyagawa bure.

Nikasoma pia habari za nchi ya Ireland, wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani. Masista wa Mtakatifu Ursula huko Blackrock, karibu na mji wa Cork, waliwafundisha wasichana maskini kufuma kwa ndoano, wakauza kazi zao. Mwaka 1847 mke wa mchungaji wa Kianglikana huko Clones, Cassandra Hand, naye alileta mwalimu kutoka sehemu nyingine ili awafundishe watu wa pale, nao wakafundishana nyumba kwa nyumba. Watu walinunua unga kwa vitanzi, msomaji wangu. Ilinipa moyo. Lakini hakikuwa kitu cha kunitetea mimi, maana wale waliofundishwa walikuwa wenye njaa, nao hawakutozwa.

Nasema hivi kwa sababu ya yule msichana.

Ni binti wa jirani, miaka kumi na saba, ameacha shule kwa kukosa mahitaji. Alikuja mwezi wa Julai mwaka 2023, siku ya Jumamosi, dakika chache kabla ya somo la Ujerumani. Mkononi alishika uzi alioufumua kutoka kwenye sweta kuukuu, na sindano aliyoitengeneza mwenyewe kwa spoku ya baiskeli, ameikunja ncha na kuisugua juu ya jiwe mpaka ikalainika. "Shikamoo bibi," akasema. "Naomba unionyeshe namna ya kugeuza kona."

Nilikuwa naweka sawa kigoda, na akili yangu iko kwenye saa. Nikamjibu bila kumtazama sana, "Marahaba, mjukuu wangu. Lakini siku hizi watu wanalipia. Kamwambie mama yako." Akasema, "Haya, bibi," akaondoka.

Somo lile nililifundisha, lakini mara mbili nilipoteza hesabu ya vitanzi. Jioni, tulipokuwa tunakula, mume wangu aliyekuwa amesikia yote kutoka barazani akaniuliza, "Yule mtoto umemtoza bei ya Ujerumani?" Sikuwa na jibu. Kugeuza kona ni kazi ya dakika tano. Nisingepanda mlima, nisingenunua kifurushi, nisingeacha kazi yangu. Angekaa kwenye mkeka ubavuni pangu, nami nikifuma vyangu, kama mimi nilivyokaa ubavuni pa Sista.

Tangu hapo nimeweka mpango mwingine. Anayetaka saa yangu, aliye mbali na mwenye uwezo, analipa, na sioni haya kumtajia bei. Anayekuja kukaa mkekani nikifuma, hatozwi. Wapo wawili sasa, na mmoja alikuja na ndizi, nikazipokea. Mpango huu bado una nyufa. Mke wa mwenye duka naye amekuja kukaa mkekani, na ana fedha kuliko mimi. Sijajua nimwambie nini. Ninyi wasomaji wenye ufundi, mafundi cherehani, wapiga kinanda, wachoraji, mnafanyaje? Andikeni tusomeane.

Yule binti hakurudi. Nilikwenda kwao wiki iliyofuata na sindano ya chuma, ya milimita tatu, niliyoagiza Songea. Mama yake aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akanikaribisha chai. Akasema binti amekwenda mjini kulea watoto wa ndugu yao, atampelekea. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na chai ile ilinikaa kooni.

Krismasi ya mwaka ule alikuja kusalimia nyumbani kwao. Nilimwona kanisani, safu ya nyuma, amejifunga kitambaa cha kichwani cha uzi wa sweta, kijani. Baada ya Misa nilimsogelea, nikakitazama. Kona zote nne zilikuwa zimegeuzwa sawasawa.

"Nani amekufundisha?" nikamwuliza.

"Nimejaribu tu, bibi," akasema. "Nilifumua mara tisa."