Jedwali la Uwili Lenye Safumlalo Moja

Mwanaisimu anayekutana na jedwali liitwalo DUAL katika hifadhidata ya Oracle atatazamia kukuta humo vitu viwili. Katika sarufi ya Kiingereza neno hilo ni istilahi ya uwili, yaani ile idadi iliyo kati ya umoja na wingi, ambayo Kiarabu kinayo na Kiswahili hakina. Hata hivyo, jedwali hilo, ambalo huundwa pamoja na mfumo wenyewe, lina safuwima moja iitwayo DUMMY na safumlalo moja tu yenye herufi X.

Jina hilo lina historia yake. Charles Weiss, aliyeliunda, alikusudia litumike ndani ya mfumo kuzalisha safumlalo mbili kutokana na kila moja ya jedwali jingine. Baadaye lilipata kazi tofauti. Kwa kuwa kabla ya toleo la 23 kanuni za Oracle zilidai kila ulizo litaje jedwali, DUAL ilitumika kuulizia mambo yasiyo na jedwali lake, mathalani tarehe ya leo. Jibu huwa moja kwa sababu safumlalo ni moja.

Uzito wa jambo hili niliuona mwaka 1999, nilipokuwa nikisimamia tasnifu moja. Mwanafunzi alikuwa akihesabu maneno katika mkusanyo wa matini za magazeti, na alikwisha kuandika sura nzima akidai kwamba kiambishi ma- cha wingi kilikuwa kikienea kwa kasi katika nomino za mkopo. Nilimshauri ahesabu pia "na" na "ya". Nayo yalikuwa yameongezeka maradufu tangu mwezi ule ule. Ni dhahiri kwamba maneno ya kisarufi hayabadiliki hivyo kwa mwezi mmoja.

Chanzo kilipatikana ndani ya DUAL: mtu mwenye mamlaka ya juu katika mfumo alikuwa ameongeza safumlalo ya pili. Programu ya kuingizia matini iliipa kila sentensi namba mpya kwa kupitia jedwali hilo. Basi kila sentensi iliingia mara mbili, kwa namba mbili tofauti, na mashine haikuona marudio yoyote. Safumlalo ile ilifutwa, sentensi pacha zikaondolewa, na ile sura ikabaki aya moja. Kuanzia toleo la 10g, maulizo ya namna hiyo hujibiwa bila jedwali lenyewe kusomwa.

Kiswahili nacho kina hesabu ya aina hii. Jumatano imebeba tano ya Kibantu, na Alhamisi inayoifuata imebeba tano ya Kiarabu. Juma letu, kwa hiyo, lina tano mbili wala halina sita. Pamoja na hayo, hakuna anayekosa miadi, kwani msemaji hutegemea mapatano ya jamii, hairudii hesabu iliyozaa jina. Mashine haina mapatano hayo. Huhesabu kilichomo kila inapoulizwa, na jina la jedwali haliizuii.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wa uzamili huanza kwa kuhesabu "na" na "ya", mwezi kwa mwezi, kabla hawajaniletea dai lolote kuhusu mabadiliko ya lugha.