KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: KISA CHA KIVINJARI KILICHOTEKWA

Wahenga waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, hapana shaka walikuwa na chawa akilini wala si tarakilishi. Hata hivyo, kauli yao inasadifu barabara aina moja ya maradhi ya mitambo ya siku hizi, nayo ni kutekwa kwa kivinjari. Hali hii hutokea pale programu fulani inapojipenyeza katika tarakilishi na kubadilisha, bila ya hiari ya mwenyewe, ukurasa wa mwanzo, mtambo wa kutafutia habari na pengine kila dirisha jipya linalofunguliwa. Programu ya namna hii haina haja ya kuharibu faili wala kuiua mashine. Ni kupe. Kupe humtaka ng'ombe awe hai, atembee na ale majani, ili naye apate kunyonya.

Aghalabu wanafunzi wa fasihi huyaona mambo haya kuwa ya watu wa sayansi, na mtambo unapougua humkimbilia fundi. Ilhali ukweli ni kwamba kupe huyu huingia kwa mlango wa maneno, na hung'olewa kwa usomaji makini. Kisa cha mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mtafiti wa riwaya ya Kiswahili, kinatosha kulibainisha jambo hili.

Mwanafunzi huyo alikuwa na kipakatalishi kimoja tu, nacho kilitumiwa na jamaa nzima. Wakati wa likizo, binamu yake wa kidato cha tatu alikiazima ili ageuze madokezo yake kutoka muundo wa PDF. Kijana akapata programu ya bure, akabofya kitufe cha kuendelea mara nne au tano, kazi yake ikaisha, akashukuru. Keshoye mwenye mtambo alipofungua kivinjari, alilakiwa na ukurasa asioujua, wenye kisanduku cha kutafutia na matangazo ya mikopo na ya dawa za kupunguza unene. Aliurejesha ukurasa wake wa zamani, akazima mtambo, akauwasha. Yule mgeni alikuwa pale pale. Tena alipotafuta makala kuhusu uhalisia katika riwaya, majibu manne ya kwanza yalikuwa matangazo.

Alikipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi alikitazama kwa dakika mbili, akatoa hukumu.

"Dada, hapa dawa ni kufuta kila kitu, tuanze upya."

"Kaka, humu mna sura nne za tasnifu yangu."

"Basi ukazihifadhi kwingine kwanza, halafu urudi."

Ushauri wa kuhifadhi ulikuwa wa busara, naye aliufuata jioni ile ile. Alizinakili sura zake kwenye flashi, kisha akajitumia nakala nyingine kwa baruapepe kupitia tarakilishi ya maktaba. Lakini suala la kufuta kila kitu lilimkereketa. Mhakiki hachomi kitabu kizima kwa sababu ya sentensi moja asiyoielewa. Huisoma tena.

Kabla ya kufuatilia alivyosoma, yafaa kukumbuka kwamba maradhi haya yana historia. Mnamo mwaka wa 1997, Microsoft ilitoa toleo la nne la kivinjari chake cha Internet Explorer, lililoruhusu programu ndogo za watu wengine kupachikwa ndani yake ili kukisaidia. Mlango uliofunguliwa kwa wema ukawapitisha pia wenye hila. Kufikia mwaka wa 2003, kundi la programu lililojulikana kama CoolWebSearch lilikuwa likiteka vivinjari na kuvielekeza kwenye kurasa zake. Kijana wa Uholanzi, Merijn Bellekom, alitunga programu mbili za kukabiliana nayo, CWShredder na HijackThis. Mwaka wa 2007 HijackThis ilichukuliwa na kampuni ya Trend Micro, na mwaka wa 2012 msimbo wake ukawekwa wazi kwa umma.

HijackThis imekwisha kupitwa na wakati, lakini falsafa yake haijazeeka. Haikumwambia mtumiaji kipi kibaya na kipi chema. Iliorodhesha tu, mstari kwa mstari, kila mahali ambapo mtekaji angeweza kujificha. Mistari iliyoanza kwa R0 na R1 ilihusu ukurasa wa mwanzo na ule wa kutafutia, O1 ilihusu faili iitwayo hosts, O2 ilihusu zile programu zilizopachikwa kivinjarini, na O4 ilihusu programu zinazojiwasha pamoja na mtambo. Hukumu iliachiwa msomaji. Aliyefuta bila kusoma aliweza kuulemaza mtambo wake mwenyewe. Hiyo ndiyo njia aliyoishika mwanafunzi wetu, japo kwa zana za leo.

Mosi, alifungua orodha ya programu zote zilizosakinishwa na kuipanga kwa tarehe. Hapo palimdhihirikia mengi, kwani siku ile ya kijana kugeuza madokezo zilikuwa zimeingia programu tatu, si moja. Wageni wawili walikuwa wamepanda mgongoni mwa mwenzao. Akaziondoa zote.

Pili, alikagua viendelezi, yaani vile viprogramu vidogo vinavyoishi ndani ya kivinjari. Alikuta kimoja kilichojigamba kuwa kinarahisisha utafutaji, naye hakuwahi kukialika. Akakiondoa. Akatazama pia orodha ya kurasa zilizoruhusiwa kumtumia arifa, maana matangazo mengi hupitia mlango huo, akazifuta asizozijua.

Tatu, na hapa ndipo palipokuwa na siri, kivinjari kilipofunguliwa bado kilikwenda kule kule. Akabofya kwa kitufe cha kulia ile alama ya kukifungulia iliyo kwenye uso wa mtambo, akasoma sifa zake. Mstari unaoeleza mahali programu ilipo ulikuwa umeongezewa mkia: baada ya jina halali la kivinjari palikuwa na anwani ya ule ukurasa. Ni mfano wa barua iliyoandikwa anwani sahihi, kisha mkono mwingine ukaongeza chini yake, "Ipitishiwe kwanza kwa fulani." Posta haina kosa. Inatii kilichoandikwa. Aliukata mkia, na mtambo ukatulia.

Ulitulia siku moja tu. Siku ya pili mkia ulikuwa umeota tena. Mdharau mwiba mguu huota tende, naye hakuudharau. Aliingia katika sehemu ya Windows inayopanga kazi za kujiendesha, akakuta agizo la kuandika upya anwani ile kila mara mtumiaji anapoingia. Huyo ndiye aliyekuwa kichwa cha kupe. Wafugaji wanajua kwamba kupe aking'olewa kiwiliwili na kichwa kikabaki, kidonda chaweza kuchelewa kupona.

Hatimaye alipakua AdwCleaner, programu isiyolipiwa ambayo imekuwa mali ya kampuni ya Malwarebytes tangu mwaka wa 2016. Hakuitafuta kwa kivinjari kilichotekwa. Aliipata kwa tarakilishi ya mwenzake, kutoka kwa tovuti ya wenyewe. Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana kumwomba mtekaji akuonyeshe dawa ni kumwomba fisi akuonyeshe njia ya zizini. Programu hiyo ikaorodhesha masalia yaliyobaki katika makabrasha na katika sajili ya Windows, akayasoma, akayaondoa. Kisha akakirejesha kivinjari katika mipangilio yake ya asili, na akabadilisha nywila za baruapepe na za akaunti yake ya chuo. Kwa mwenye kufungua akaunti moja katika tarakilishi mbili, lazima zote mbili zisafishwe, kwani usawazishaji waweza kukirudisha kiendelezi kutoka huku hadi kule.

Msomaji atauliza: kuna faida gani ya kumpeleka mtu kwenye ukurasa asioutaka? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Programu ya bure ina aliyeigharimia, na kila utafutaji na kila tangazo lililobofywa lina bei. Mnamo Juni 2017, kampuni ya usalama ya Check Point ilitangaza habari za programu iitwayo Fireball, ambayo iliihusisha na kampuni moja ya matangazo ya Beijing. Mitambo yake bandia ya kutafutia ilipokea maswali ya watu kisha ikayapitisha kwa Yahoo au Google. Mtumiaji alipata majibu yale yale, ila njiani palikuwa na mtoza ushuru aliyejiteua. Check Point ilikadiria kuwa tarakilishi milioni 250 ziliambukizwa. Microsoft ilipinga kadirio hilo kuwa limetiwa chumvi. Hata kununua mtambo mpya si kinga. Kati ya miaka ya 2014 na 2015, baadhi ya vipakatalishi vya Lenovo viliuzwa vikiwa na programu ya matangazo ya Superfish ndani yake, tena iliyodhoofisha usalama wa mawasiliano ya siri. Mwaka wa 2017 kampuni hiyo ilifikia mapatano na tume ya biashara ya Marekani kuhusu jambo hilo.

Sasa turudi kwa yule kijana wa kidato cha tatu. Je, alitekwa nyara au alitoa ridhaa? Wenye programu watadai kwamba aliridhia, kwa kuwa katika mojawapo ya vidirisha alivyovipita palikuwa na maelezo ya kisheria na kisanduku kilichokwisha kutiwa alama. Maelezo hayo yalikuwa kwa Kiingereza kizito, kwa herufi ndogo, na kitufe cha kuendelea kilikuwa kikubwa na chenye rangi ya kuvutia. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na yenye kufahamu. Kijana aliyepita vidirisha vitano kwa sekunde kumi hakufahamu lolote. Aliyeziandika matini zile alitaraji asisomwe, na huo ni utunzi wa aina yake, ambamo mwandishi hufaulu pale tu msomaji anapolala.

Hapa ndipo wapenzi wa Kiswahili wanapopaswa kujiuliza wamefanya nini. Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tangu mwaka wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walidhihirisha, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu nzima yaweza kusema Kiswahili. Fauka ya hayo, Windows yenyewe imewahi kuwa na sura ya Kiswahili. Lakini katika makongamano mengi mjadala haujavuka swali la kama mtambo uitwe tarakilishi, kompyuta au ngamizi, na kama kile cha kuperuzia ni kivinjari au kisakuzi. Mjadala huo una thamani yake. Hata hivyo, istilahi iliyofungiwa kamusini haimwokoi mtu anayebofya. Kijana yule alihitaji sentensi moja nyepesi: programu hii imebeba nyingine mbili, ondoa alama kama huzitaki.

Sentensi kama hiyo haiandikwi na fundi peke yake. Yahitaji mtu anayejua uzito wa neno, anayepima kama msomaji wa Garissa na wa Busia wataielewa sawa, na anayejua kwamba lugha ya onyo si lugha ya hotuba. Idara za Kiswahili zina watu hao. Vyama vya wanafunzi vyaweza kuanza na kikaratasi cha ukurasa mmoja kilichobandikwa katika maabara ya tarakilishi, kinachoeleza kwa Kiswahili sanifu na chepesi hatua alizozipita mwanafunzi yule. Binamu wengi watakisoma, na tasnifu nyingi zitasalimika.