Maji ya betri na usiku wa mwezi

Samahani kwa kimya. Wiki nzima nilikuwa nahangaika na seva ya mteja mmoja hapa Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu. Kiyoyozi kilizimika usiku, chumba kikawa tanuri, diski mbili zikafa. Programu niliyoandika kwa mikono yangu ilituma onyo kuwa joto limepanda. Ilituma vizuri kabisa... ila ilishachelewa!

Jioni nikaenda kumwamkia mjomba. Alikuwa fundi mitambo kwenye kituo kimoja cha redio (jina naliweka kapuni). Nikamweleza.

"Programu yako yapima nini?"

"Joto, mjomba."

"Basi wapima msiba, si ugonjwa."

Akanipa darasa. Chukua mtambo wa kilowati 50 wenye vali kubwa ya mwisho. Vali ikifanya kazi kwa asilimia 70, kama kilowati 21 zinageuka joto tupu kwenye anodi, sawa na birika kumi za umeme ndani ya kitu unachoweza kukikumbatia. Feni haitoshi. Unapitisha maji: lita 20 kwa dakika, yanatoka yamepanda kama digrii 15, yanakwenda kupozwa kwenye rejeta, yanarudi.

Taabu ni kwamba anodi hiyo hiyo ina maelfu ya volti, na pampu imeungwa ardhini. Maji yanagusa zote mbili! Kwa hiyo mipira huwa mirefu na isiyopitisha umeme, na maji lazima yawe safi mno, yasiyo na madini, mfano wa maji ya betri. Ukitia ya kisima cha hapa kisiwani, yenye chumvi, umeme unapita ndani ya maji na vyuma vinalika. Hata ya bomba yana madini ya kutosha kuleta balaa.

Na mtiririko ukikatika, vali yaweza kuharibika kwa sekunde chache. Ndiyo maana swichi ya kwanza inalinda mtiririko. Kipimajoto ni shahidi tu.

Hapo mjomba akanyamaza kidogo. Usiku mmoja, mwezi 29 Shaabani, watu wanasubiri kusikia kama mwezi umeandama, mpira ukapasuka. Swichi ikakata mtambo. Mpira akabadilisha, lakini akiba ya maji safi ilikuwa imekwisha. Mkubwa wake akamwambia, "Jaza ya bomba, twende hewani." Mjomba akakataa. Redio ikawa kimya hadi asubuhi. Akapewa barua ya onyo, na barazani watu wakamsema kwa wiki mbili. Vali ile ikafanya kazi miaka miwili zaidi.

"Hukujuta?"

"Nilijuta kutoweka akiba."

Basi nimeiandika upya programu. Sasa inaangalia umeme unaoingia kwenye kiyoyozi na mzunguko wa feni. Kimoja kikisimama, seva inafunga kazi zake taratibu na kujizima, kabla joto halijapanda. Na kiyoyozi cha akiba nimemwomba mteja anunue.

Nilipomwonyesha mjomba, akauliza, "Na ikikosea?"

"Itazima seva bure, mteja atanitukana."

Akacheka. "Haya, sasa waanza kuwa fundi."

Tukijaaliwa, wiki ijayo nitaeleza jinsi ya kuunga vipimo hivyo. Kwaherini.