Mavazi ya Fort Worth, Mji wa Ng'ombe

Katika jimbo la Texas, kule Marekani, uko mji uitwao Fort Worth, ambao wenyeji wenyewe huuita kwa jina la utani Mji wa Ng'ombe, wala hawalionei haya jina hilo. Kila mwaka katika mwezi wa Januari mji huo hufungua maonyesho ya mifugo yaliyoanzishwa mwaka wa 1896, nayo huendelea kwa wiki tatu na zaidi. Magari yenye matela huja kutoka mashamba ya mbali yakiwa na mafahali, kondoo, nguruwe na farasi. Nyuma ya kiti cha dereva aghalabu hutundikwa mfuko mrefu wa nguo, na watoto huonywa wasiuguse kwa mikono yenye mafuta ya chakula. Ndani ya mfuko huo yamo mavazi ya kumwonyeshea farasi.

Mavazi hayo huitwa ya kimagharibi. Magharibi hapa si Ulaya, bali ni zile nchi kavu za magharibi ya Marekani ambako ng'ombe walichungwa kwa farasi. Mgeni akiyaona kwa mara ya kwanza, kofia pana, shati la kung'aa, na buti zilizodariziwa nyuzi za rangi, hudhani kwamba ni mapambo matupu ya watu wenye fedha nyingi. Yampasa kwanza aende kaskazini ya mji, kwenye mtaa wa Exchange Avenue uliotandikwa matofali.

Hapo ndipo palipokuwa na mazizi makubwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka wa 1865, wachungaji walipitisha makundi ya ng'ombe Fort Worth wakielekea kaskazini mpaka kwenye reli ya Kansas, safari ya wiki nyingi juu ya farasi. Baadaye reli ilifika mjini, na makampuni ya nyama ya Armour na Swift yakajenga viwanda vyao kando ya mazizi. Viwanda hivyo vilifungwa, cha Armour mwaka wa 1962 na cha Swift mwaka wa 1971. Siku hizi ng'ombe wachache hupitishwa barabarani mara mbili kwa siku ili wageni watazame. Pembe zao ni ndefu mno, ingawa mfugaji wa Ankole asingeshangaa sana.

Mbele ya jumba la mashindano lililojengwa hapo mwaka wa 1908 ipo sanamu ya shaba ya Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas aliyezaliwa mwaka wa 1870. Alijulikana kwa kuruka kutoka juu ya farasi, kumshika ng'ombe pembe na kumwangusha, na mara nyingine alimuuma mdomo ili amtulize. Alikufa mwaka wa 1932 baada ya kupigwa teke na farasi. Wanahistoria hukadiria kwamba katika wachungaji wa zamani wa nchi hizo, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi. Na wengi wengine walikuwa Wameksiko, ambao ndio waliowafundisha wenzao kazi hiyo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba vazi hili lilishonwa na kabila moja tu.

Kila kipande cha vazi hilo kilikuwa na kazi yake. Kisigino cha buti kiliinuliwa ili mguu usipenye katika kikuku cha tandiko. Maana mpandaji akianguka na mguu wake umenaswa, farasi humburuta mpaka afe. Shingo ya buti ilirefushwa kwa sababu ya nyoka na miiba. Miiba ya Texas si ya mzaha, kwani mti mmoja ulioenea sana huko ni ndugu wa ule ambao watu wa Baringo huuita mathenge, na wao hawahitaji kuelezwa habari zake. Kwa sababu ya miiba hiyo Wameksiko walivaa juu ya suruali mikingio ya ngozi nzito, waliyoiita kwa Kihispania chaparreras. Kofia pana ilikuwa mwavuli wa jua na wa mvua. John B. Stetson alianza kutengeneza kofia zake Philadelphia mwaka wa 1865, mbali kabisa na ng'ombe, lakini wachungaji ndio waliozipa sifa. Hata vifungo vya shati vya chuma, vile vya kubana kwa kidole, vilipendwa kwa sababu shati likinaswa katika tandiko hufunguka lote kwa mara moja, nalo halimvuti mtu. Jack A. Weil wa Denver aliyaeneza mashati hayo tangu mwaka wa 1946, akaishi mpaka umri wa miaka 107.

Kutoka mazizini mpaka viwanja vya Will Rogers, yalikohamia maonyesho mwaka wa 1944, ni mwendo mfupi wa gari. Hapo ndipo nguo za kazi zinapogeuka kuwa nguo za kuhukumiwa. Mji huu una haki ya kuhukumu, kwa kuwa ndipo ulipoundwa mwaka wa 1940 ule chama cha American Quarter Horse Association, ambacho baadaye kilihamia Amarillo. Farasi wake ni wa jamii yenye nguvu iliyopata jina kwa mbio za robo maili. Sheria za chama hicho kuhusu mavazi ya kimagharibi si nyingi. Mshindani sharti avae kofia ya kimagharibi au kofia ngumu ya kukinga kichwa, shati la mikono mirefu lenye ukosi, na buti. Yaliyobaki ni desturi, na katika desturi ndimo fedha za watu zinamopotea.

Mashindano yenyewe si ya namna moja. Katika shindano la kumtenga ng'ombe na kundi lake mpandaji hupewa dakika mbili na nusu, naye huvaa shati la kawaida, suruali ya jinzi na mikingio ya ngozi, kwa sababu macho yote yapo juu ya farasi na ng'ombe. Katika shindano la kumwongoza farasi kwa miguu mbele ya mwamuzi, mikingio huachwa, na hapo ndipo koti zuri huonekana. Katika shindano la ustadi wa kuketi, mpandaji mwenyewe ndiye anayepimwa, yaani mgongo wake, mikono yake na visigino vyake. Mtu anunuaye koti kabla ya kujua ataingia shindano lipi amefanya kama yule anunuaye jembe la kukokotwa na hana ng'ombe.

Madukani mambo yanayostahili kuangaliwa ni ya kawaida, na mengi hayana bei. Suruali ya kupandia yafaa kuwa ndefu kupita ya ofisini kwa sentimita kadhaa. Asiyejua hununua ya kumtosha akiwa amesimama, na akipanda suruali hukwea mpaka kwenye ndama za miguu, akaonekana kama mtu anayevuka mto. Watu wa Texas hutia jinzi zao kanji mpaka ziwe ngumu kama ubao, na mkunjo wake hukaa siku nzima. Kofia huundwa mbele ya mteja. Muuzaji huishikilia juu ya mvuke mpaka ilainike, kisha huikunja utosi na ukingo kwa vidole vyake kufuata uso wa mwenyewe. Katika kofia za manyoya huandikwa alama za X, na wanunuzi wengi huzihesabu wakidhani ni kipimo cha serikali. Sivyo, kwani kila kiwanda huweka X kwa hesabu yake chenyewe, na kofia yenye nyingi ya huku huweza kuwa dhaifu kuliko yenye chache ya kule. Lililo kubwa ni kwamba ikae kichwani farasi anapokwenda mbio. Ikilegea, kipande cha sponji ndani ya ukanda wake chatosha.

Kuhusu rangi, watu husema farasi mwekundu hupendeza na buluu au kijani, na nyeusi hukubaliana na karibu kila farasi. Hayo ni kweli. Lakini vito vidogo vya kioo vinavyoshonwa katika makoti vyahitaji akili zaidi. Koti la namna hiyo laweza kugharimu maelfu ya dola. Mwamuzi yupo katikati ya uwanja, naye huona kinachometameta kabla ya kuona kingine. Mpandaji ambaye mikono yake haijatulia, akivaa vito kwenye vifundo vya mikono, amemwonyesha mwamuzi kwa kidole mahali pa kutazama kosa.

Familia nyingi zinazoleta watoto ni za wakulima, na mtoto hukua kabla koti halijafifia. Kwa sababu hiyo biashara ya nguo zilizokwisha kuvaliwa ina nguvu sana huko. Wako wauzaji ambao huzipokea, huziuza kwa niaba ya mwenyewe na kukata sehemu yao. Mzazi mwenye hesabu hununua kwanza buti na kofia ya kinga, maana chama hakimpunguzii mtoto alama kwa kuivaa, na fuvu la kichwa haliuzwi popote. Koti huja mwisho, nalo huwa la mtoto wa mtu mwingine. Bizimu kubwa ya fedha ya mkanda ndiyo peke yake isiyofaa kununuliwa. Dukani zipo, tena nzuri, lakini wenyeji huisoma maandishi yake kabla ya kumsalimu mvaaji, wajue aliishinda wapi na mwaka gani.

Mojawapo ya viwanja vya Will Rogers imepewa jina la John Justin, aliyekuwa meya wa mji huu na mwenye kiwanda cha buti ambacho ukoo wake ulikianza mwaka wa 1879. Asubuhi, nje ya lango la uwanja huo, washindani husimama katika foleni juu ya farasi wao, nambari zao zimebandikwa mgongoni kwa pini. Baba mmoja hupita na kitambaa chenye maji akifuta vumbi katika buti za binti yake, kwanza ya kulia, kisha huzunguka mbele ya farasi na kufuta ya kushoto. Nambari huitwa, lango hufunguliwa, naye hukisukuma kitambaa mfukoni na kurudi nyuma.